Namna ya Kupata Muziki Bora Kutoka kwenye Spika Janja Nyumbani: Mwongozo Kamili

Spika janja, yaani zile zinazounganishwa na intaneti na kupokea maagizo kwa sauti, zimeenea majumbani tangu Amazon ilipotoa Echo mwaka 2014, Google ikafuata na Home mwaka 2016, na Apple ikaleta HomePod mwaka 2018. Wengi wanaozinunua huziweka popote palipo na soketi, wakaziunganisha na simu kwa Bluetooth, kisha wakalalamika kwamba besi inavuma na maneno ya mwimbaji hayasikiki sawasawa. Lawama zote huangukia spika. Kwa maoni yangu, katika nyumba zetu zenye kuta za matofali ya saruji na sakafu za marumaru, sehemu kubwa ya tatizo imo katika chumba chenyewe na mahali spika ilipowekwa, na mengi ya hayo hurekebishika bila kutoa hata shilingi moja.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye meza na ukuta, unafika kwenye mipangilio ya simu katikati, na unagusa ununuzi mwishoni. Ninashauri mpangilio huo ufuatwe kama ulivyo, kwa sababu anayeanza kuchezea ekwalaiza, yaani vidhibiti vya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, kabla ya kusogeza spika husahihisha kasoro ambayo pengine ingeondoka yenyewe, na akija kuisogeza baadaye hulazimika kuanza upya.

Matayarisho: nyimbo za kupimia

Chagua nyimbo tatu unazozifahamu vizuri, na uzitumie hizo hizo hadi mwisho wa kazi. Wa kwanza uwe wa taarabu asilia, kwa mfano wa kikundi kama Culture Musical Club cha Zanzibar, ambamo fidla, kanuni, udi, akodioni na dumbaki hupigwa kwa pamoja. Ala hizo hugombea eneo moja la sauti za kati, na spika iliyowekwa vibaya huzichanganya zikawa kelele moja isiyotenganika. Wa pili uwe wa muziki wa dansi au rumba wenye gitaa la besi linalotembea kutoka noti moja hadi nyingine. Sikiliza kama kila noti ina nguvu inayolingana na mwenzake: noti moja ikinguruma na inayofuata ikapotea, hapo chumba ndicho kinachosema. Wa tatu uwe wa sauti ya binadamu isiyo na ala nyingi, kama kaswida au kwaya, kwa kuwa sikio letu limezoea sauti ya mtu kuliko kitu kingine chochote, nalo hutambua upesi inapokuwa ya puani, ya ndani ya pipa, au yenye herufi za «s» na «sh» zinazochoma.

Unapolinganisha hali mbili, hakikisha sauti imefunguliwa kwa kiwango kile kile. Sikio hudanganyika kwa urahisi: ule unaosikika kwa nguvu zaidi, hata kama tofauti ni ndogo sana, huonekana kuwa ndio mzuri zaidi. Zima pia pangaboi kwa dakika chache za majaribio, maana mvumo wake hufunika sauti nyororo ambazo ndizo hasa zinazotofautisha muziki safi na muziki wa kawaida.

Hatua ya kwanza: mahali pa kuweka spika

Sauti za juu huelekea pale spika inakoelekea, lakini besi husambaa pande zote, hata nyuma ya spika. Inapogonga ukuta hurudi na kujumlishwa na ile inayotoka moja kwa moja, na matokeo yake ukuta mmoja ulio karibu unaweza kuongeza besi kwa kiasi kinachofikia desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti); penye kona, ambapo kuta mbili hukutana na meza au sakafu, ongezeko huwa kubwa zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya ule mvumo mzito unaofunika maneno ya wimbo. Anza kwa kuiweka spika sentimita 20 hadi 30 kutoka ukuta wa nyuma, na angalau sentimita 50 kutoka kona. Cheza wimbo wa gitaa la besi, kisha uisogeze kidogo kidogo, upana wa vidole vinne kwa kila jaribio. Ikiwa besi ni nyembamba, karibia ukuta. Ikiwa inavuma, jitenge nao.

Urefu nao una maana kubwa. Spika iwe katika usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, ambao kwa makochi mengi ni kati ya sentimita 90 na 110 kutoka sakafuni. Spika iliyo juu ya kabati refu hupeleka sauti za juu kwenye dari, na iliyo chini karibu na zulia huzipeleka kwenye miguu ya viti. Kuna tofauti kati ya aina na aina: Nest Audio ya Google huelekeza sauti mbele, hivyo uso wake uwaelekee wasikilizaji, HomePod husambaza sauti pande zote, kwa hiyo huhitaji nafasi ya wazi kuizunguka, na Nest Mini ya Google hutoa sauti juu, nayo ina tundu la kuitundika ukutani, jambo ambalo kwa kweli huifaa kuliko kulazwa mezani, kwa kuwa sauti yake hapo humwelekea msikilizaji.

Usiiweke spika ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, wala katikati ya vasi za maua. Sauti iliyozingirwa na mbao hupata mlio wa boksi ambao hakuna ekwalaiza inayoweza kuuondoa wote.

Baada ya hapo, sikiliza mitetemo. Meza ya kioo au ya mbao nyembamba hupokea besi na kuanza kuimba yenyewe, huku vikombe kabatini, fremu za picha na vioo vya madirisha ya aluminiamu vikiitikia. Cheza wimbo wenye besi nzito, tembea chumbani, na ugusie kwa mkono kila kinachotikisika. Mlio ukikoma unapokigusa, umempata mhusika. Chini ya spika weka kipande cha mpira mnene, hata soli ya kandambili iliyokatwa vizuri inatosha. Kwa wakazi wa ghorofani jambo hili lina faida ya pili, kwa sababu hupunguza besi inayopita kwenye zege kwenda kwa jirani wa chini. Mwenye samani za mbao zilizopakwa mafuta atumie kitambaa pia, maana HomePod ya mwaka 2018 ilijulikana kwa kuacha alama nyeupe za duara juu ya baadhi ya mbao za namna hiyo.

Kama bado hujapata mahali panapokuridhisha, kuna mbinu ya zamani ya mafundi wa sauti ambayo inafaa sana kwa spika hizi kwa kuwa ni nyepesi. Iweke spika pale unapoketi wewe, kwenye kochi lenyewe, cheza wimbo wa besi, kisha utembee taratibu kwenye sehemu zote ambazo spika ingeweza kukaa, huku kichwa kikiwa katika usawa wa meza. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa ulinganifu ndipo spika ihamie, nawe urudi kwenye kochi. Njia ya sauti kati ya sehemu mbili haibadiliki kwa kubadilishana nafasi, hasa kwa sauti za chini, ndiyo maana mbinu hii hufanya kazi.

Hatua ya pili: chumba

Simama katikati ya sebule na upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi unaotetemeka baada ya kofi, sauti inadundadunda kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana, na muziki wako wote unapitia humo. Saruji, marumaru, kioo na dari ya jipsamu hurudisha karibu sauti yote ya juu inayozigonga. Dawa yake ni vitu laini vilivyowekwa mahali panapostahili: zulia nene kati ya spika na msikilizaji, mapazia mazito yenye mikunjo mingi badala ya yale mepesi yaliyonyooshwa, makochi ya kitambaa, na kabati la vitabu lisilojaa kwa mpangilio ulionyooka. Kati ya hivyo vyote, zulia ndilo ningelianza nalo, kwa kuwa sakafu ya marumaru ni uso mkubwa kuliko wowote usiofunikwa katika nyumba zetu.

Trei za mayai zisikupotezee muda. Zimebandikwa katika vyumba vingi vya kurekodia vya mitaani kwa imani kwamba hunyonya sauti, lakini karatasi yake ni nyepesi mno. Hupunguza kidogo sauti za juu tu na kuiacha besi kama ilivyokuwa.

Besi ina tabia yake. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, na chumba chenye urefu wa mita 4 hukuza mawimbi yanayojipanga sawasawa kati ya kuta zake mbili: kwanza karibu na 43 Hz (yaani mitetemo 43 kwa sekunde), kisha 86 Hz, kisha 129 Hz. Spika ndogo haifiki 43 Hz kwa nguvu, lakini 86 Hz iko katikati kabisa ya eneo la gitaa la besi. Mawimbi hayo huwa mazito kwenye kuta na hufifia katika sehemu maalumu chumbani, kwa hiyo watu wawili katika sebule moja wanaweza kusikia besi mbili tofauti. Aliyeegemeza kochi ukutani husikia besi nyingi kupita kiasi. Kulivuta kochi mbele hata kwa nusu mita hubadilisha muziki zaidi ya mpangilio wowote wa simu, na ikiwa nafasi hairuhusu, tundika zulia la ukutani au pazia nene nyuma ya kichwa ili angalau sauti za juu zisirudi zikagonga masikio mara ya pili. Chumba chenye urefu sawa na upana wake ni kigumu zaidi, kwa kuwa mawimbi ya pande zote mbili huangukia masafa yale yale; humo epuka kukaa katikati kabisa.

Baadhi ya spika hujipima zenyewe. HomePod husikiliza chumba kwa maikrofoni zake na kurekebisha besi kila inapohamishwa, na spika za kampuni ya Sonos zina mfumo wa Trueplay unaofanya kazi inayofanana na hiyo. Mfumo kama huo uutumie, lakini baada ya kumaliza kusogeza spika na samani, na uurudie kila unapobadilisha chochote kikubwa chumbani.

Hatua ya tatu: njia ambayo muziki unapita

Unapocheza muziki kwa Bluetooth, simu yako ndiyo inayopokea wimbo kutoka kwenye mtandao, kuufungua, kuuminya tena na kuurusha kwenye spika. Uminyaji huo wa pili hupunguza ubora. Mfumo wa kawaida wa Bluetooth, uitwao SBC, huishia takriban kilobiti 328 kwa sekunde, na katika vifaa vingi hupitisha pungufu ya hapo. Isitoshe, kila mlio wa ujumbe na kila simu inayoingia hukatiza muziki. Kwa Wi-Fi mambo ni tofauti: unapotumia Spotify Connect au kitufe cha kurusha cha Google, spika yenyewe huuvuta wimbo moja kwa moja kutoka kwenye huduma, na simu hubaki kuwa rimoti tu. AirPlay ya Apple huupitisha muziki kwenye simu, lakini kwa Wi-Fi na bila kuupunguza kwa namna ya Bluetooth. Kama huduma unayoitumia haina njia yoyote kati ya hizo, Bluetooth itakufaa. Ila ujue kwamba unaitumia kwa sababu hakuna nyingine.

Muziki unaokatika mara kwa mara kwa kawaida hutokana na ruta kuliko spika. Ruta ikae juu, mahali pa wazi, wala isifichwe nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta za matofali vizuri zaidi, ila husongamana katika majengo ya ghorofa na huvurugwa na tanuri la maikrowevu. Yale ya 5 GHz ni mepesi na ya kasi, lakini kuta mbili za saruji huyamaliza. Spika iliyo chumba kimoja na ruta iwe kwenye 5 GHz, na iliyo mbali iwe kwenye 2.4 GHz. Simu na spika sharti viwe kwenye mtandao mmoja. Mtandao wa wageni wa ruta nyingi huvizuia vifaa visionane, na hapo spika haitaonekana hata uifanyeje.

Hatua ya nne: ubora wa wimbo wenyewe

Fungua mipangilio ya huduma yako ya muziki na uangalie kiwango cha ubora. Nyingi huanza na chaguo la kujirekebisha lenyewe, ambalo hushusha ubora mtandao unapolegea na hukuachia uusikie upungufu bila kujua chanzo chake. Spotify, kwa mfano, ina miongoni mwa viwango vyake kilobiti 96, 160 na 320 kwa sekunde, hicho cha 320 kikiwa kwa wanaolipia. Apple Music ilianza kutoa sauti isiyopunguzwa kabisa mwezi Juni 2021 bila nyongeza ya malipo.

Wenye bando la kuhesabu wafanye hesabu mapema. Kilobiti 96 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 43 kwa saa, 160 hutumia 72, na 320 hutumia 144. Sauti isiyopunguzwa ya kiwango cha CD hufika mamia ya megabaiti kwa saa. Katika spika moja ndogo, sioni sababu ya kulipia zaidi ya kilobiti 320. Tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko ile inayoletwa na kuisogeza spika sentimita kumi.

Ikiwa huduma yako ina chaguo la kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya wimbo na wimbo, liache kwenye kiwango cha kawaida. Chaguo la sauti kubwa hubana vilele vya muziki, na ngoma hupoteza mshindo wake.

Kuna jambo la wasaidizi wa sauti linalohusu ubora pia. Wasaidizi hawa wamezoea Kiingereza, na majina ya nyimbo na waimbaji wetu huwapita, hivyo mara nyingi huchagua toleo la kuigiza au rekodi ya jukwaani badala ya ile uliyoikusudia. Tengeneza orodha yako ya nyimbo kwenye simu, ukichagua rekodi zenyewe kwa macho, na uipe jina fupi ambalo spika italitambua.

Hatua ya tano: ekwalaiza

Sasa ndipo ufungue programu ya spika. Ile ya Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, ina vidhibiti vitatu, besi, sauti za kati na trebo (sauti za juu), kila kimoja kikianzia desibeli 6 chini ya sifuri hadi 6 juu yake. Ya Google na ya Sonos zina besi na trebo. HomePod ina kitufe cha kupunguza besi tu. Tumia vidhibiti hivi, na uiache ekwalaiza iliyomo ndani ya programu ya muziki ya simu, kwa sababu spika inapouvuta wimbo yenyewe kwa Wi-Fi, ekwalaiza ya simu kwa kawaida haiifikii.

Kanuni ninayoisisitiza ni kupunguza kabla ya kuongeza. Sauti ikiwa na giza, shusha besi kwa desibeli 2 kabla ya kupandisha trebo. Spika ndogo ina nguvu yenye mpaka, na kila desibeli ya besi unayoiongeza huila nguvu hiyo, ndipo spika hubana sauti yote pale kibwagizo kinapopamba moto. Badilisha desibeli 1 au 2 kwa wakati mmoja, sikiliza nyimbo zote tatu, kisha ulale nayo. Sikio lililochoka usiku huamua tofauti na lile la asubuhi.

Kwa sauti ya chini besi huonekana kutoweka, na hilo ni la maumbile. Watafiti Fletcher na Munson walipima mwaka 1933 jinsi sikio linavyopungukiwa usikivu wa sauti za chini kadiri muziki unavyoshushwa. Anayesikiliza taratibu usiku anaweza kuongeza besi kidogo, au kuwasha kitufe kinachofanya hivyo chenyewe katika Sonos, na airudishe anapofungua sauti mchana.

Rekodi za kale zinahitaji huruma ya pekee. Santuri ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 zilinaswa kwa vifaa ambavyo havikufika masafa ya juu tunayoyazoea leo; ukipandisha trebo utapandisha mikwaruzo peke yake. Shusha trebo kwa desibeli 2 au 3, ongeza sauti za kati kidogo, na sauti yake itakuja mbele ikiwa wazi. Nyimbo nyingi za zamani za dansi, zilizonakiliwa kutoka kwenye kaseti, hufaidika na mpangilio huo huo.

Kiwango cha sauti chenyewe kisipite robo tatu. Juu ya hapo spika ndogo hupunguza besi ili kujilinda, na muziki hukondeana. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa usikilizaji salama, na programu ya simu ya kupimia desibeli inatosha kukuonyesha ulipo.

Spika mbili, sabufa ya zamani, na umeme

Ikiwa una fedha za kununua kitu kimoja, nunua spika ya pili inayofanana kabisa na ya kwanza, kisha uziunganishe katika programu ziwe jozi ya kushoto na kulia. Usichanganye jozi na kundi: kundi hucheza sauti ile ile katika vyumba vyote, jozi hugawanya ala kama zilivyorekodiwa. HomePod mini haikubali kuwa jozi na HomePod kubwa, hivyo hakikisha mfano kabla ya kulipa. Ziweke kwa umbali wa mita 2 hivi, nawe ukae mita 2 kutoka kila moja, zote zikigeuzwa kidogo kukuelekea. Mwimbaji akisikika akiwa katikati, mahali pasipo na spika yoyote, mpangilio umekaa sawa. Akivutwa upande mmoja, pima umbali tena kwa futi.

Wenye sabufa nzuri nyumbani hawana haja ya kuitupa. Echo ya kizazi cha nne, ya mwaka 2020, ina tundu la waya wa milimita 3.5 unaoweza kuupeleka muziki kwenye sabufa, ambapo spika janja hubaki kuwa chanzo tu. Nest Mini na HomePod mini hazina tundu hilo. Unapounganisha, fungua sauti ya Echo hadi robo tatu, uendeshe ukubwa kwa kitufe cha sabufa, na kitufe chake cha besi kianzie katikati.

Kuhusu umeme, weka spika na ruta kwenye kilinda umeme, kwani kupanda na kushuka kwa volti huua adapta kabla ya kitu kingine chochote. Betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta huzuia muziki kukatika umeme unapocheza kwa sekunde chache, ikiwa spika nayo ina akiba yake. Kwa spika iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, soma maandishi ya adapta kabla ya kuichomeka: yakisema 100 hadi 240 V, unahitaji plagi tu ya kubadilisha miguu, yakisema 120 V peke yake, tafuta adapta nyingine yenye volti na ampea zile zile za kutoa, maana soketi zetu ni za 230 V na kuendelea.